Singer ya Bibi imekwama stoo, na kuna watu wanataka kuinunua kwa mamilioni

Swali la msomaji, Tanga:

"Shikamoo fundi. Bibi mzaa mama ametuachia Singer nyeusi ya miguu, ina maua ya dhahabu. Imekaa stoo zaidi ya miaka kumi na gurudumu halizunguki kabisa. Namba iliyogongwa upande wa kulia inaanza na Y. Binamu yangu amepata watu wanaosema Singer za zamani zina zebaki nyekundu ndani, watatoa mamilioni. Fundi wa mtaani kwetu naye anasema niipige rangi upya na kuifunga mota. Mimi nilitaka tu kujifunzia, nipunguze nguo za mitumba za wanangu na kukunja kanga zangu mwenyewe. Ina thamani gani, na nianzie wapi?"

Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuondokewa na Bibi. Nianze na hao watu wa binamu yako, maana ndio wenye haraka kuliko wote.

Ndani ya cherehani hamna zebaki, iwe nyekundu au nyeupe. Mna chuma cha kusubu, chuma cha pua, springi kadhaa, na mafuta ya zamani yaliyoganda. Hiyo zebaki nyekundu yenyewe, kitu wanachodai kina thamani kubwa kupita kiasi, hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba ipo popote duniani. Uvumi wa kuihusisha na Singer ulivuma sana Saudi Arabia mwaka 2009. Watu walipigana vikumbo kununua cherehani kuukuu, bei ikaruka hadi makumi ya maelfu ya riyali, polisi wakalazimika kuingilia. Kipimo chao kilikuwa simu ya mkononi: unaisogeza karibu na sindano, mawasiliano yakikatika basi "imo". Simu inakatika hata ukiwa jikoni unapika, na hakuna anayesema sufuria lina zebaki.

Mchezo wenyewe ni wa kale. Mnunuzi wa mamilioni haji na mamilioni. Kwanza utaombwa kitu kidogo, ada ya kupimia au nauli ya mtaalamu kutoka mbali, ama wataomba waichukue wakaipime kwao. Mwambie binamu hapana, na ufunguo wa stoo ukae kwako.

Sasa thamani ya kweli. Herufi Y iligongwa kwenye vichwa (ile sehemu ya juu inayoshona) vilivyotoka kiwanda cha Singer cha Kilbowie, mjini Clydebank, Scotland, katika miaka ya 1920 hadi katikati ya miaka ya 1930. Baadaye herufi zikawa mbili, kuanzia EA. Kiwanda hicho kilifunguliwa mwaka 1885, kikapigwa mabomu ya Wajerumani mwaka 1941 lakini kikaendelea, na kikafungwa mwaka 1980. Kituo cha treni cha hapo mpaka leo kinaitwa Singer. Kwa hiyo ya kwenu ni halisi na inakaribia miaka mia, kama haijavuka. Ila usiruke kwa furaha. Kiwanda kile kilitoa cherehani kwa mamilioni, na kampuni ilishaanza kukopesha wateja walipe kidogo kidogo tangu 1856, ndiyo maana hakuna pembe ya dunia ambayo hazikufika. Kitu kilichojaa kila mahali hakipati bei kwa uzee peke yake. Wakusanyaji hukimbilia vitu vingine: Featherweight 221 iliyotoka mwaka 1933, ya aluminiamu, nyepesi ya kubeba kwenye sanduku, au ndugu yake 222K. Kama yenu ingekuwa mojawapo ya hizo isingekuwa na meza ya miguu.

Yenu thamani yake ni kwamba inashona. Singer nzima, yenye meza yake, miguu ya chuma isiyovunjika na droo zenye vikorokoro vyake, itapata mnunuzi wa kawaida kwa bei ya kawaida ya cherehani iliyotumika. Kuna pia wanaotaka ile miguu ya chuma tu waiwekee kioo juu iwe meza ya hoteli, kichwa wanakitupa kwenye chuma chakavu. Hao mimi siwauzii hata skrubu.

Kabla ya kugusa kitu, jua ni Singer ya aina gani, maana vipuri vinategemea hilo. Nyingi za wakati ule hazikuandikwa namba ya modeli, kwa hiyo tunaangalia bobini, kile kibeba uzi wa chini. Vuta kile kibati cha kuteleza karibu na sindano uchungulie. Ukikuta bobini ya duara iliyosimama ndani ya nyumba yake, inaingizwa kwa upande wa kushoto, hiyo ni 15. Ukiikuta imelala chali, imedondoshwa kutoka juu mbele ya sindano, ni 66. Ukikuta kijumba kirefu chenye umbo la risasi na bobini nyembamba kama kijiti, hiyo ni 127 au 128. Omba iwe 15. Siyo kwamba nyingine ni mbaya, 66 ni cherehani tamu sana, lakini 15 ndiyo iliyoigwa na Wajapani baada ya vita na kisha Wachina, na Butterfly ya Shanghai unayoiona kwa mafundi wengi ni mtoto wa ukoo huo. Bobini za Butterfly zinaingia kwenye 15, nyumba ya bobini vilevile, na vipuri vingi vidogo. Ukiwa na 127, ile risasi ikipotea utaitafuta mpaka uchoke, kwa hiyo ukiiona ifunge kwenye kitambaa uiweke salama leo hii.

Tuje kwenye kukwama. Gurudumu lisilozunguka huwatisha watu, lakini kwa cherehani iliyowekwa stoo ikiwa nzima, mara nyingi chanzo ni kimoja kati ya viwili: uzi umejiviringisha kwenye ndoano inayodaka uzi kule chini, au mafuta yaliyotiwa zamani yamekauka yakawa gundi. Kutu ya kweli iliyoshika vyuma kwa ndani ni nadra zaidi, ingawa Tanga kwa ule unyevu wa bahari siwezi kuiondoa kwenye hesabu.

Toa sindano. Toa bobini na nyumba yake. Legeza mkanda utoke kwenye gurudumu la mkono, ili ujue kinachogoma ni kichwa au ni miguu. Nimeshaletewa kichwa kizima kilichobebwa kwenye bodaboda kumbe tatizo lilikuwa pedeli iliyoshika kutu nyumbani. Kisha fungua bamba la sindano kwa bisibisi inayojaa kwenye mfereji wa skrubu. Hili la bisibisi nalisisitiza: bisibisi nyembamba hula kichwa cha skrubu, na skrubu za Singer zina hesabu zake, hutaipata ya kufanana dukani. Chini ya bamba utakuta zulia la vumbi la nyuzi limekaa katikati ya yale meno yanayosukuma kitambaa. Litoe kwa mswaki wa zamani na kijiti. Kama ni 15, toa pia pete inayoshikilia ndoano, kwa skrubu zake mbili au vishikio viwili kutegemea toleo, ndoano itadondoka mkononi mwako. Ipige picha kabla hujaitoa. Zungusha kidole kwenye njia yake, na usishangae ukitoa kipande cha uzi mweupe kilichosokotwa humo na marehemu mwenyewe.

Bado imegoma? Chukua mafuta ya taa na bomba la sindano la duka la dawa. Tia tone moja moja kwenye kila kitundu cha mafuta juu ya kichwa, kisha fungua kifuniko cha ubavu wa kushoto utie kwenye mti wa sindano na mti wa mguu wa kukandamizia. Laza kichwa nyuma kwenye bawaba zake, mtu akushikie, utie kila mahali chuma kinaposuguana na chuma. Mafuta ya taa yasitiririke kwenye maua, na yakitiririka futa papo hapo. Iache usiku kucha. Kesho yake itoe nje ipate jua la asubuhi kwa saa moja hivi. Chuma cheusi hupokea joto haraka na ile gundi hulegea. Shika gurudumu kwa mikono miwili, litikise mbele na nyuma kidogo kidogo, bila hasira. Mwendo mdogo sana ukitokea, hata wa unene wa kucha, umeshinda. Ongeza matone, tikisa tena. Usitumie nyundo, na usilikamate gurudumu kwa spana. Chuma cha kusubu hakipindi, kinapasuka.

Ikishazunguka laini, futa mafuta ya taa yote unayoweza kufikia, halafu tia mafuta ya cherehani palepale ulipotia yale. Watu wengi huruka hatua hii kwa sababu cherehani tayari inazunguka, wanaanza kushona. Mafuta ya taa yanasafisha lakini hayalainishi. Yakikauka chuma kinabaki kitupu na wiki ya pili unasikia kelele. Mafuta yawe yale meupe mepesi ya cherehani. Ya kupikia hapana, yataganda yakawa gundi kuliko ya Bibi. Ya injini mazito mno. Usisahau miguu: ncha mbili zinazobeba pedeli, fimbo inayopanda kutoka pedeli kwenda gurudumu kubwa, na katikati ya gurudumu lenyewe. Tone moja kila mahali panatosha, na shona kitambaa kibovu kwanza kinywe mafuta yaliyozidi.

Kuhusu rangi, fundi wenu simwelewi. Rangi ile nyeusi ilichomwa kwenye tanuri kiwandani, yale maua ya dhahabu yakabandikwa juu yake, kisha ikapitishwa vanishi. Ukipuliza rangi ya gari hapo unaziba vitundu vya mafuta, unagandisha skrubu, na cherehani ya Clydebank inafanana na kiti cha baa. Iliyochubuka acha ichubuke. Kuisafisha tumia pamba na mafuta yaleyale ya cherehani. Paka, subiri, futa, paka tena. Moshi wa miaka utatoka kama chai kwenye pamba, na dhahabu itaanza kuonekana. Usiguse spiriti, wala kiondoa rangi ya kucha, wala dawa za kusafishia vioo. Spiriti inayeyusha ile vanishi, na chini yake maua hufifia yakawa ya kijivu mbele ya macho yako, hayarudi. Vyuma vinavyong'aa vyenye kutu sugua kwa stilwaya laini yenye mafuta, si msasa.

Mota nayo iache kwanza. Siyo dhambi, na kwa fundi mwenye foleni ya sare za shule Januari inafaa. Lakini wewe unajifunza. Miguu inakuruhusu kushona tundu moja, ukasimama, ukafikiri, ukashona la pili. Mota ndogo hizi za kubandika mkanyago wake hukimbia kabla hujawa tayari. Na umeme ukikatika saa mbili usiku utaendelea kushona kwa taa ya simu.

Nunua mkanda mpya wa ngozi, unene wa kama milimita 5, kwenye duka la vipuri vya cherehani. Ukate ukiwa umeuzungusha kwenye magurudumu yote mawili, toboa ncha, unganisha kwa kile kipini cha waya. Usikaze kama kamba ya mbuzi. Ukiubonyeza kwa kidole katikati uingie kidogo. Ngozi mpya hurefuka, kwa hiyo baada ya wiki chache utaukata tena kipande kidogo. Hiyo ni kawaida yake, hujaibiwa.

Halafu jifunze kukanyaga bila uzi na bila sindano. Vua viatu. Weka mguu mmoja mbele na mwingine nyuma kidogo juu ya pedeli, vuta gurudumu la mkono kwa juu lije kwako, kisha miguu ipokee mwendo: kisigino, vidole, kisigino, vidole. Gurudumu lazima lije upande wako siku zote. Likirudi kinyume, uzi unakatika au unajifunga fundo chini, na hapo ndipo wanaoanza wengi hukata tamaa wakidhani cherehani mbovu. Ukishaweza kuanza na kusimama bila kurudi kinyume, weka sindano, bado bila uzi, ushone juu ya karatasi ya daftari ukifuata mistari. Sindano hiyo ukiimaliza itupe, karatasi inaitia butu.

Sindano ni ile ya kawaida ya cherehani za nyumbani, kwenye pakiti imeandikwa 15x1, HAx1 au 130/705. Zote ni kitu kimoja. Namba 90/14 kwa kanga na vitenge, 100/16 kwa jinzi, 75/11 kwa vitambaa vyepesi. Usinunue za mashine za kiwandani zenye shina la duara. Angalia sindano kwa makini: upande mmoja wa shina ni bapa, na upande wa pili una mfereji mrefu unaoshuka hadi kwenye tundu. Mfereji mrefu ndio upande uzi unakoingilia. Kwenye 15 bapa linatazama kushoto, na uzi unapita kutoka kulia kwenda kushoto. Ukiigeuza, cherehani itaruka mishono au haitashona kabisa, na hakuna tensheni, yaani mkazo wa uzi, itakayoiponya.

Na hapa niseme kitu kuhusu tensheni. Asilimia kubwa ya watu wanaoniletea cherehani wakilia tensheni, tensheni yao haina neno. Sindano imegeuzwa, au ni butu, au uzi umepitishwa mguu wa kukandamizia ukiwa umeshushwa, hivyo haukuingia katikati ya vile visahani vinavyoubana uzi. Pitisha uzi mguu ukiwa juu. Usafishe visahani kwa kuvuta kipande cha kitambaa katikati yake. Kisha weka uzi mwekundu juu na mweupe chini, shona kitambaa cha kukunja mara mbili, utazame. Uzi mwekundu ukichungulia chini, kaza skrubu ya juu robo mzunguko. Mweupe ukipanda juu, legeza. Skrubu ndogo ya kwenye nyumba ya bobini iguse mwisho kabisa: kama ni 15, ning'iniza nyumba kwa uzi wake, uitikise kidogo, iteremke kidogo na kusimama. Ikiteleza hadi chini imelegea, isipoteremka imekaza.

Ukianza mshono shika ncha zote mbili za uzi nyuma kwa mishono michache ya mwanzo. Ukimaliza, hakikisha ule mkono wa chuma unaovuta uzi umefika juu kabisa ndipo utoe kitambaa. Nyingi za umri huo hazirudi nyuma, kwa hiyo mwishoni geuza kitambaa ushone juu ya mshono wako, au vuta nyuzi upande mmoja uzifunge kwa mkono.

Kazi ya kwanza iwe doti ya kanga. Utaikata katikati, upate pindo nne fupi zilizonyooka, kitambaa cha pamba kisichoteleza, ukiharibu unafumua. Baada ya hapo suruali za wanao. Jinzi ya mtumba inapita kwenye Singer hii, ila pale mishono inapokutana pawe pazito, ponda kwanza kwa nyundo juu ya jiwe (hapa nyundo naruhusu), halafu zungusha gurudumu kwa mkono mpaka uvuke. Fulana na nguo zote zinazovutika ziache. Mshono wake ni wa kunyooka tu, nguo ikivutika uzi unakatika. Hizo pelekea mwenye ovaloki. Viatu na mikoba ya ngozi ngumu pia si zake, hata fundi viatu akikubembeleza.

Kabla ya yote hayo, fungua droo zote za ile meza uzikung'ute juu ya shuka jeupe. Bobini, miguu midogo ya kukunjia pindo, bisibisi fupi, skrubu moja moja ambayo huijui kazi yake: usitupe chochote. Halafu nipigie picha mbili, ya pale bobini inapoingia na ya kichwa kizima kwa mbele, nikwambie ni modeli gani na ununue bobini zipi.